Mwaka Nilioweka Picha Ndani ya Maneno

Mzee M'Ikiara alikuwa hajafunikwa na udongo sawasawa, na tayari picha za kaburi lake zilikuwa zinazunguka kwenye simu za watu. Niliona kwa macho yangu pale nyumbani kwake Kanyakine, nikiwa nimekaa chini ya hema. Kijana aliyekaa mbele yangu aliinua simu, akapiga picha jeneza likishuka, akabonyeza, ikaenda. Hakuandika hata salamu. Sijui iliingia kwa nani, wala huyo mtu alikuwa anafanya nini ilipoingia. Pengine alikuwa kazini, pengine alikuwa ndio kwanza anatia tonge mdomoni. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, watoto wangu wanajua, na nilitamani kumgonga kisogoni yule kijana kwa ile karatasi ya ratiba ya mazishi. Nilijizuia kwa sababu ya marehemu, ambaye katika miaka yote niliyomjua nilimwona amekasirika mara moja tu. Siku hiyo nilikuwepo, na tangu hapo sijapata kutuma picha kwa mtu bila kumfikiria yeye.

Watu walipokwisha kula na kuanza kutawanyika, binti yake Kathure alinishika mkono akaniingiza jikoni, ambako sufuria za mazishi zilikuwa zimepangwa hadi mlangoni na wanawake wawili walikuwa wanakwangua ukoko wa wali. Kathure sasa ni mwanamke wa makamo, muuguzi aliyezoea kuamuru, na mvi zake hazipaki rangi. Akaniambia, "Wawira, kuna watu wetu wa mbali hawajapata kitu rasmi kutoka kwa familia. Shangazi yuko Kanada, wajukuu wako Ujerumani. Hii imeli uipange wewe. Wewe ndiye unajua vile Baba angetaka ipangwe." Akaniwekea kompyuta yake ndogo juu ya meza, kando ya beseni la vijiko, akatoka kuaga wageni. Nikabaki naikodolea macho. Zilikuwa picha nyingi, na mimi badala ya kuzipanga nikaanza kukumbuka.

Nitasimulia mwaka mmoja tu. Nani alinizaa na nilisomea wapi tuyaache. Inatosha kusema nilitoka Runyenjes na cheti cha kupiga taipu, nikaja Meru mjini kutafuta kazi, mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka uliofuata ile mvua kubwa iliyokula barabara zetu. Kazi niliipata kwa Bwana Hamisi. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya buchari, na ngazi yake ilikuwa ya nje, ya chuma, ikilia kila mtu akipanda. Chumba kilikuwa kimoja kilichokatwa katikati kwa pazia zito. Nyuma ya pazia ilikuwa studio ya picha, pamoja na kijichumba cha giza cha kusafishia filamu. Mbele ya pazia nilikaa mimi na taipureta, na kando yangu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya mzee, ilikuwa kompyuta. Harufu ya dawa za picha ilitoka nyuma, ya nyama ya kuchoma ikapanda kutoka chini, na mimi katikati nikawa na njaa mwaka mzima.

Bwana Hamisi alikuwa mtu wa mjini hasa, mzaliwa wa Majengo, baba yake fundi wa kushona, babu yake alitoka mahali ambapo kila mjomba alipataja tofauti. Alivaa kofia iliyopigwa pasi na aliongea Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sisi wote. Wakati watu wengine wakinunua mashine za kusaga, yeye alinunua kompyuta na modemu, akaandika kwenye kibao, "Imeli Hapa." Siku zile kupata mtandao ilikuwa ni kupiga simu hadi Nairobi, simu ya mbali, na dakika zikihesabiwa kama mbali. Kwa hivyo tuliandika barua za watu mchana kutwa bila kuunganishwa, tukazipanga ndani ya mashine, na jioni kabla ya kufunga Hamisi anapiga Nairobi, modemu inapiga kelele zake, barua zote zinatoka kwa mkupuo na za kuingia zinaingia. Barua ya maneno matupu ilitoka haraka. Picha ilikuwa mzigo. Picha moja ilipokuwa ikipita, Hamisi alitembea kutoka dirishani hadi kwenye pazia na kurudi, mikono nyuma, kama mtu aliyeambiwa mkewe yuko chumba cha kuzalia.

Wa tatu wetu alikuwa Njeru, mpiga picha, naye Mwembu kama mimi. Wakati wa chai tuliongea Kiembu chetu, na Wameru waliokuja kupigwa picha za pasipoti walitusikiliza na kucheka, kwa sababu lugha zetu zinaelewana kiasi cha kuchekana. Njeru alikuwa na mikono mirefu isiyotulia. Hangekupiga picha kabla hajakurekebisha kola, hajakuinua kidevu, hajakupangusa unga shavuni. Alisema mtu hulipia picha ili aonekane vizuri, na asipoonekana vizuri ameibiwa. Nilimpenda kwa hilo, na mambo yote yalianzia hapo.

Mzee M'Ikiara alipanda ile ngazi asubuhi moja akiwa amevaa koti na amebeba kiondo mwenyewe, jambo ambalo wanaume wa rika lake hawakulifanya. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akanisalimu kwa Kimeru, akiniita binti.

"Muuga, mwari." Kisha akageukia Kiswahili chake. "Nimeambiwa hapa kuna barua inafika Ulaya siku hiyo hiyo."

"Inafika, Mzee. Simu ikikubali."

"Basi hiyo ndiyo nataka. Hii mambo yangu haiwezi kungoja ya stempu."

Akaingiza mikono yote miwili ndani ya kiondo akatoa fungu lililofungwa kwa majani ya mgomba, bichi, limekazwa kwa kamba ya gome, akaliweka juu ya taipureta yangu kwa adabu. Nikamuuliza ni nini. Alinitazama, akakumbuka mimi ni wa Embu, akanieleza. Kwao watu wakija kuomba msichana huleta miraa iliyochaguliwa kitawi kwa kitawi, wakaifunga hivyo, inaitwa ncoolo. Baba wa msichana akiifungua na kuigawia ndugu zake, amekubali. Akiirudisha na kamba yake, hajakubali. Hakuna namna nyingine. Hii ilikuwa imeletwa jana yake na watu wa Laare, wa upande wa kijana mmoja mwalimu aitwaye Murithi, aliyejuana na Kathure chuoni. "Na wa Laare wanajua miraa," Mzee akasema. "Hii ni safi mpaka ndugu zangu walikuja kabla niwaite."

Shida ni kwamba Kathure alikuwa Uingereza akisomea uuguzi. Alipokuwa anaondoka, pale stendi, hakumwomba baba yake pesa wala baraka. Alimwambia, "Baba, usifungue kitu nikiwa mbali." Binamu yake mmoja alikuwa amerudi kutoka shule ya bweni likizo moja akakuta fungu lake limeshafunguliwa na kutafunwa, akaolewa kabla ya mtihani, na Kathure hakuisahau ile likizo. Mzee akamjibu, "Sitafungua." Sasa fungu lilikuwa limekuja, ndugu walikuwa wanalizunguka kama kuku na mtama, na miraa ni kitu cha siku chache tu kisha majani yanakauka na heshima ya walioileta inakauka nayo. Alikuwa amejaribu simu, dakika zote zikaishia kwenye "unanisikia?" Kwa hivyo alitaka Kathure alione fungu lenyewe, aulizwe, na ajibu kwa neno lake.

Nikaandika alivyosema. Njeru akachukua fungu nyuma ya pazia kulipiga picha. Mzee alipokwisha kusema yake yote akarudishiwa kiondo na fungu ndani yake, akaenda zake kwa dada yake aliyekaa nje kidogo ya mji. Jioni Njeru akatoka kwenye kile chumba cha giza na picha mbili badala ya moja, zimekauka. Ya kwanza ilikuwa fungu limefungwa. Ya pili ilikuwa fungu limefunguliwa, majani yamekunjuliwa kama nguo ya kitandani, vitawi vimelala vizuri, vinang'aa. Mwenyewe alikuwa amefurahi. Alisema lile lililofungwa lilikaa tu kama bunda la ugoro, hakuna mtu Ulaya angejua ni nini. Hamisi alizaliwa Meru, lakini harusi alizozijua ni za msikitini. Akaziingiza zote mbili kwenye mashine kwa skana, akaniambia, "Weka zote, binti. Mzee ni mtu mwema. Tumpe nyongeza." Ndivyo tulivyo huku, hata mama wa sokoni akikupimia maharagwe huongeza kiganja juu. Zikaambatishwa zote mbili nyuma ya barua, na Hamisi akatembea dirishani na kurudi mara nyingi kuliko kawaida, bila kunung'unika, hadi zikatoka.

Asubuhi yake Mzee alitukuta tukifungua mlango. Mzee alitukuta tukifungua mlango. Nikaichapisha, na karatasi ingali na joto nikamsomea. Kathure aliandika hivi: "Baba, nimeona. Mlikuwa mmefunga, halafu mmefungua. Sasa mnaniuliza nini?"

Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akatoa fungu kwenye kiondo, akaliangalia, na hapo akaona jambo ambalo jana hakuliangalia kwa kuwa hakuwa na sababu. Ile kamba haikuwa imefungwa kama ilivyokuja. Mkono wa Mmeru hukunja ile kamba na kuificha ncha yake chini. Hii ilikuwa na fundo nene limesimama juu, kama la mtoto anayejifunza kufunga viatu.

"Hii fundo ni ya nani?" akauliza.

Njeru akatoka nyuma ya pazia, mikono inatona dawa. "Ni mimi, Mzee. Nilifungua kidogo tu, ionekane klia. Halafu nikarudisha. Hakuna hata kijiti imepotea."

"Umefungua."

"Kwetu hatuna hii kitu, Mzee. Hakuna mtu aliniambia."

Hiyo ndiyo siku niliyomwona amekasirika. Hakupaza sauti. Uso wake uligeuka kijivu, akakaa kwenye benchi, na akasema kwa upole uliotuumiza sote, "Wewe kijana umenifanya mwongo kwa mtoto wangu. Nimelea huyo msichana nikimwambia neno langu ni neno. Sasa ameona kwa macho." Njeru akalia. Mtu mzima yule, na mikono yake mirefu, hakuwa na mahali pa kuiweka. Nami nilimwonea huruma, na nilimwonea Mzee huruma, na nilimwonea msichana nisiyemjua aliyekaa chumba cha baridi huko akiamini ameshauzwa. Sikujua nimwonee nani kwanza.

Kwenye jengo lile hakuna siri iliyokaa, maana sakafu ilikuwa ya mbao. Kabla ya chai habari ilikuwa imeshuka kwa wenye buchari, na sisi juu tulikuwa tukisikiliza kesi yetu ikiamuliwa katikati ya mapanga. Mmoja akasema, "Ikifunguliwa imefunguliwa. Hata ikiwa ni upepo." Mwingine akasema haiwezi kuwa imefunguliwa kama hakuna mtu ametafuna. Wa tatu, mwenye sauti nene, akasema, "Ngoja kwanza. Si yule anafungua ndiye amekubali? Basi baba ya msichana ni huyo Mwembu wa picha. Aende Laare achukue mbuzi yake ya mahari." Wakacheka hadi tukasikia ndoano za nyama zikigongana. Nikamtazama Mzee kwa hofu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka naye, bila kutaka, huku machozi yanamlengalenga.

Hamisi alidhani basi tuandike tu maelezo: kulikuwa na makosa, fungu halijafunguliwa. Mzee akakataa. Akasema mtu aliyeshaona kwa macho huwezi kumrudisha kwa maneno matupu. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza. "Mwari, kwa nini picha ilimfikia kabla ya maneno yangu? Si ulituma pamoja?"

Nikamweleza nilivyojua. Nikasema barua hii ina sehemu mbili. Kuna nyumba, na kuna lango. Maneno yako ndani ya nyumba. Picha tulizoambatisha tumeziacha langoni, kila moja na jina lake, na anayefika anaanza na anayotaka. Na nani asiyefungua picha kwanza? Mzee akafikiri sana. "Mgeni akija kwangu," akasema, "sianzi kumpeleka kwa mbuzi. Namkaribisha. Anakaa, anaona uso yangu. Anapewa kitu ya kutia mdomoni. Tukishaongea, ndiyo mzigo inaingia, na mtu anasema hii ni nini na imetoka wapi. Hii picha haiwezi kuingia nyumbani ikae na maneno?"

Nikasema inawezekana, ingawa sikuwa na hakika. Nilikuwa nimeona mahali kwenye ile mashine palipoandikwa jambo kama hilo, nikaogopa kugusa. Siku ile niliondoa kitambaa cha kufuma nikakaa. Njeru alimpiga Mzee picha uso peke yake, bila kumgusa kola, kisha Hamisi akashika kamera, Njeru akapigwa, kichwa chini kidogo, kisha ikapigwa mikono yake karibu na lile fundo baya, mwisho fungu. Nikamwuliza Mzee kama anataka kulifunga upya vizuri kabla ya picha. Akasema hapana. "Nikiikaza mimi, nitakuwa nimeishika. Ikae na hiyo fundo ya aibu."

Mchana dada yake Mzee alimletea nduma za kuchemsha na chai kwenye chupa, akagawa, na Njeru akapewa ya kwanza. Tulikula sote isipokuwa Hamisi, aliyekuwa amefunga Ramadhani, maganda tukiyaweka kwenye kifuniko cha taipureta. Nilipomaliza nikajifuta mikono nikajaribu. Ukiweka alama kati ya sentensi na sentensi na kuiambia mashine ilete picha hapo, inaleta. Ilionekana vizuri kwenye kioo, uso wa Mzee chini ya salamu zake. Nikamwomba Hamisi anipe simu ya jaribio, nikaituma ile barua kwenye anwani yetu wenyewe. Ikarudi na visanduku vitupu, kila kimoja na msalaba mdogo mwekundu pale uso ulipotakiwa kuwa. Nilihangaika hadi nikagundua ujinga wa ile barua. Ilikuwa haijabeba picha. Ilikuwa imeandika tu kwamba picha iko kwenye disketi. Yaani Kathure angefika mahali pa kumwona baba yake, akaambiwa aende akamtazame kwenye meza ya Wawira, Meru, juu ya buchari. Mzee alipoelezwa alisema ni kama kualika watu na kuwaambia chakula kiko kwa jirani.

Kulikuwa na kisehemu cha kuweka alama ili picha zisafiri pamoja na barua, kila moja nyuma, na maneno yazivute yakifika. Nikaweka. Nikajaribu tena, na safari hii uso ukatokea mahali pake, polepole, kutoka juu kushuka: kofia, paji, macho. Nilipiga makofi kama mtoto. Lakini Mzee alikuwa na swali lingine. "Na kama mashine yake ni kipofu?" Nikasema basi ataona maneno tu. "Basi maneno yawe kamili. Asikose kitu kwa sababu ya mashine." Ikabidi tuandike upya, kila picha isemwe kwa maneno pia, ya nani na inafanya nini, ili anayeona na asiyeona wapate ziara ile ile. Iliendelea hivi: salamu, na uso wake. Habari za mama yake, ng'ombe, mvua. Kisha, "Huyu ni Njeru, mwana wa watu, anatoka Embu." Kisha mikono yake na alichofanya nayo. Kisha fungu. Kisha, chini kabisa, bila picha yoyote: "Kathure, mimi sijafungua. Nifungue ama nirudishe? Sema wewe."

Ile picha nzuri, ya fungu lililokunjuliwa, hatukuitupa. Mzee alisema kuificha itakuwa uongo mwingine. Tukaiacha peke yake langoni, tukamwambia iko pale na imetoka wapi, aifungue akitaka. Jioni Nairobi ilikataa, ikakata, ikakataa tena. Hamisi, ambaye angegombana na mteja kwa ajili ya dakika moja, alipiga na kupiga, akafuturu tende kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu, na hakutaja gharama siku hiyo wala baadaye. Wakati huo Mzee alikuwa ananyunyizia majani ya mgomba maji kwa vidole, kutoka kikombe cha chai, na majani yalikuwa yameanza kuwa na kingo za rangi ya kahawia.

Jibu halikuja asubuhi. Lilikuja jioni yake. "Baba, nimekuamini. Msalimie Njeru, mwambie asilie. Lakini jibu langu ni bado. Rudisha."

Nilimsomea huku nikimtazama, maana nilijua anachoombwa. Kuwarudishia watu wa Laare fungu, lenye fundo la kuchekesha, limeanza kunyauka, mbele ya wazee wao, na ndugu zake mwenyewe wakimwona ameongozwa na msichana. Angeweza kusema barua haikufika. Simu ilikuwa mbovu, kila mtu alijua. Badala yake akakunja karatasi, akaitia mfukoni mwa koti, akamwambia Njeru, "Kesho twende na wewe. Ubebe kamera. Mikono yako ikae kwa kamera."

Sikwenda Laare, lakini Njeru alinisimulia, na picha niliiweka mimi mwenyewe ndani ya barua ya tatu. Baba yake Murithi alikasirika kwanza, akauliza kama miraa yao ni mbaya. Mzee akamjibu kwamba miraa ni nzuri kuliko neno lake yeye, lakini neno lake ndilo alilompa mtoto, na hawezi kulivunja hata kwa miraa nzuri. Akawaeleza habari ya lile fundo, bila kuficha na bila kumtupa Njeru kwa watu wamcheke. Murithi alikuwa amesimama nyuma ya wazee. Akaja mbele akapokea fungu mwenyewe, akasema, "Nitaleta lingine akiwa nyumbani." Hapo ndipo Njeru alipopiga picha: mikono ya Mzee inatoa, mikono ya kijana inapokea, na katikati lile fundo limesimama kama kidole. Nikaiweka katikati ya maneno, na chini yake Mzee akanipa sentensi moja tu ya kuandika: "Limefika kwao."

Watu waliniuliza miaka ile kwa nini niling'ang'ana na kazi ya kupanga barua za watu badala ya kutafuta benki au shirika. Mwaka huo Hamisi aliandika kwenye kibao chake, chini ya "Imeli Hapa," maneno "Na Picha Mahali Pake," na watu wakaja kutoka Kanyakine, Laare, hata Runyenjes kwetu. Nilimpangia mama mmoja ziara ya mjukuu mchanga, na mzee mmoja ziara ya nyumba ya mabati aliyojengewa na mwanawe. Kila mara nilianza na uso na nikauliza, na mashine yake ikiwa kipofu? Baadaye Hamisi alifariki, Njeru akafungua studio yake Embu, na ulimwengu ukapata simu za kupiga picha, ukaacha salamu. Mimi bado naona ni vibaya.

Kathure alirudi jikoni alipokwisha kuaga wageni wake. Nje nilimsikia mumewe akiwaelekeza vijana wa hema mahali pa kupakia viti. Ni yule yule Murithi, mwalimu aliyestaafu mapema, sauti ya darasani haijamtoka. Alileta fungu lingine kama alivyosema, na Kathure alikuwa amekaa pale pale sebuleni baba yake alipolifungua. Nikamwuliza jambo nililolibeba miaka yote hii: alijuaje kwamba barua ya pili ilikuwa kweli? Picha si ilikuwa imemdanganya mara moja?

"Ni ile fundo," akasema, akavuta kiti. "Baba hangeweza kufunga fundo mbaya namna hiyo hata akilazimishwa. Nilicheka peke yangu kwa chumba mpaka jirani akagonga ukuta."

"Na mbona ukasema bado? Ulikuwa humtaki huyu?"

"Nilimtaka. Hata siku hiyo nilimtaka." Akawatazama wale wanawake wakisuuza sufuria ya mwisho. "Lakini 'ndio' yangu kila mtu angeisikia. Nilitaka kujua kama 'hapana' yangu inaweza kufika nyumbani. Ikafika. Alibeba mwenyewe mpaka Laare." Kisha akalia, kwa mara ya kwanza siku ile, muuguzi yule mkavu, na nikamshika hadi akamaliza.

Tukaipanga pamoja. Juu nikaweka salamu, kwa jina la kila mmoja. Chini ya salamu uso wa Mzee, akiwa hai, amevaa lile koti, na maneno ya kueleza ni picha ya lini na alikuwa anacheka nini, ili asiyeiona naye aipate. Kisha habari za ugonjwa wake, kidogo. Kisha habari za leo, nani alikuja, nani alisema nini, mvua ilivyongoja hadi tukamaliza. Zilibaki zile za jeneza na kaburi. Nikazichukua moja moja kwa mshale wa kompyuta nikazishusha chini, nje ya maneno, langoni.

Kathure akasoma yote taratibu. Akaniomba niongeze sentensi moja mwishoni, akanitajia polepole, nami nikaandika kama nilivyozoea kumwandikia baba yake: "Picha za kaburi tumezifunga pembeni. Hakuna atakayekufungulia. Ukiwa tayari utafungua mwenyewe, na usipofungua, bado ulikuwepo."

Nikamwuliza kama nitume. Akanyoosha mkono akabonyeza mwenyewe.